Milia iliyomezana

Kiswahili hakikuwa na jina la mnyama huyu. Tulimchukua chui, tukamvika milia, tukamwita chui milia. Sasa katika hifadhi ya Similipal, jimbo la Odisha mashariki mwa India, wapo ambao milia yenyewe imenenepa, ikagusana, ikamezana, hata mgongo ukawa mweusi na rangi ya chungwa ikabaki ikichungulia hapa na pale kama moto kwenye mkaa. Watu huwaita chui milia weusi, ingawa ukiwatazama vizuri si weusi hasa.

Mwaka 2021, Uma Ramakrishnan na Vinay Sagar, watafiti wa Bangalore, pamoja na wenzao walieleza sababu. Ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni iitwayo Taqpep. Mtoto akirithi kosa hilo kwa baba na kwa mama, milia huvurugika. Akirithi kwa mmoja, huzaliwa kama wenzake. Paka wa nyumbani naye anayo jeni hiyo. Ikiwa na hitilafu, michirizi yake hugeuka mabaka mapana yanayojizungusha ubavuni. Kwa duma, madoa huungana yakawa mistari mgongoni. Huyo ndiye duma mfalme wa kusini mwa Afrika. Kwa hiyo huyo anayekoroma kwenye jamvi lako ana siri moja na mfalme.

Lakini kwa nini Similipal? Huko zaidi ya theluthi moja wana sura hiyo, na porini kwingine walikopimwa kosa halikuonekana.

Chukua kijiji ambacho daraja lake limesombwa na mafuriko, halikujengwa tena. Vijana wanaoana wao kwa wao, na baada ya vizazi kadhaa kidole cha sita cha babu mmoja kiko kwenye kila nyumba. Similipal ndicho kijiji hicho. Ina kilomita za mraba 2,750, miti ya jamii ya msufi yenye maua mekundu iliyoipa jina, tembo, na maporomoko ya Barehipani. Chakula kipo, maji yapo. Mchumba wa kutoka mbali ndiye aliyekosekana.

Ndipo mwishoni mwa 2024 wakaletwa majike wawili kutoka Tadoba, Maharashtra: Jamuna na Zeenat. Zeenat hakukubali posa. Alitoka hifadhini, akaingia Jharkhand, akafika Bengal Magharibi, na Desemba haijaisha akapigwa sindano ya usingizi, kisha akarudishwa Similipal.