Usiku wa Ijumaa Ziwani Mweru

Giza likishaingia, kutoka ufukwe wa Kabuta, wilayani Nchelenge nchini Zambia, utadhani kuna mji mwingine katikati ya Ziwa Mweru. Ni taa za mitumbwi ya chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao hufuata mwanga mpaka wakajikuta ndani ya wavu. Adui wa kazi hii ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, kwa hiyo mvuvi huzitegemea siku za giza. Asubuhi chisense huanikwa, na wakishakauka hujazwa kwenye magunia ya kupelekwa kwenye miji ya migodi ya Copperbelt.

Sasa mchukue kijana Msabato. Sabato yake huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi jua linapozama tena. Ijumaa ya giza zito, wenzake wanapopakia nyavu, yeye anarudi nyumbani kuoga. Wenzake hawatamngojea, na mgawo wa usiku huo hataupata. Mahubiri ya utii kwa vijana hukimbilia mavazi, pombe na uchumba. Hapa Nchelenge utii una bei, na kijana anaijua bei hiyo hata kabla ya jua kuzama.

Wasabato na Mashahidi wa Yehova wamekita mizizi katika mkoa huu wa Luapula, kando ya Wakatoliki na Kanisa la Muungano la Zambia lililoundwa mwaka 1965. Mwanaanthropolojia Karla Poewe, aliyefanya utafiti mkoani humo miaka ya 1970, alivutiwa hasa na Wasabato na Mashahidi, na sababu yake haikuwa nyimbo wala ibada. Ilikuwa mali.

Luapula ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Kwa mila, mwanamume akifa, alichochuma kilikwenda kwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Watoto aliowazaa mwenyewe walikuwa wa ukoo wa mama yao. Hata akiwa hai, mwenye nyavu nzuri alitarajiwa kuukumbuka ukoo, na neno la mjomba, bayama kwa Kibemba, halikupuuzwa ovyo. Poewe aliona Wasabato na Mashahidi wakifundishwa jambo jingine: mume, mke na watoto ni kitu kimoja, wafanye kazi pamoja, waweke akiba pamoja, warithiane. Kijana aliyebatizwa akapata njia ya kumkatalia mjomba bila kuitwa bahili, maana si yeye anayekataa, ni Maandiko. Je, huo ni utii au hesabu nzuri ya fedha? Pengine vyote viwili. Mjomba aliyemlipia mpwa wake ada ya shule angekuwa na jibu lake.

Serikali nayo ilikuja kuingilia. Sheria ya mwaka 1989 kuhusu mirathi ya asiyeacha wosia iliwapa watoto asilimia 50 ya mali, mjane au mgane 20, wazazi 20 na wategemezi wengine 10. Mpwa hakutengewa fungu kwa sababu tu ni mpwa.

Lakini mara nyingine sheria na dhamiri hugongana. Mwaka 1966 kanuni za elimu zililazimisha wanafunzi kuimba wimbo wa taifa na kuiheshimu bendera. Watoto wa Mashahidi wa Yehova walikataa, wakisema heshima ya namna hiyo ni ya Mungu peke yake, na wengi wakafukuzwa shule. Shauri la msichana mmoja wa shule ya msingi huko Mufulira lilifikishwa Mahakama Kuu, na mwaka 1967 akashindwa. Miaka 24 baadaye, Desemba 29, 1991, Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo.

Kabuta, Desemba ina habari nyingine. Kuanzia tarehe 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo mitatu Msabato na asiye Msabato wako sawa: mitumbwi imevutwa nchi kavu, na Ijumaa haimgharimu mtu kitu. Machi ikiingia, ziwa hufunguliwa, na kijana yule anaanza tena kutazama kalenda mbili, ya juma na ya mwezi angani.