PIJO: GARI LILILOSHINDA MASHIMO

Simama kando ya barabara hapa Salgaa jioni. Utaona malori yakiteremka kutoka Mau Summit, mabasi na Nissani zikikimbilia Nakuru. Lakini waulize wazee wetu zamani walikuwa wakienda Nakuru au Nairobi kwa gari gani. Watakujibu kwa neno moja tu: "Pijo!" Yaani Peugeot. Je, gari hili la Kifaransa lilipataje uenyeji katika Bonde la Ufa?

Tuanzie mbali kidogo. Miaka ya hamsini, Marekani ilisifika kwa magari ya kifahari. Mwaka wa 1957 kampuni ya Cadillac ilitoa Eldorado Brougham, gari lililouzwa kwa zaidi ya dola 13,000. Badala ya springi za chuma, lilibebwa na mifuko ya hewa. Raha iliyoje! Lakini mifuko hiyo ilivuja, gari likalala chini kama ng'ombe mgonjwa, na wenyewe wengi wakaing'oa wakaweka springi za kawaida. Ikiwa hayo yalitokea kwenye lami ya Marekani, huku kwetu kwenye vumbi na matope ingekuwaje?

Wafaransa walishika njia nyingine. Peugeot 403 ilitoka mwaka wa 1955, 404 ikafuata 1960, na 504 ikatoka 1968. Umbo la zote tatu lilichorwa na Pininfarina wa Italia, kwa hivyo urembo haukukosekana. Lakini siri ilikuwa chini ya gari. Stesheni wagoni ya 504, kwa mfano, ilikuwa na springi 4 za nyuma, mbili kila upande, ili ibebe mzigo mzito bila kukaa chini.

Mtihani wenyewe ulikuwa mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1963 magari zaidi ya 80 yaling'oa nanga, yakamaliza 7 tu! Mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Mwaka wa 1968 mvua na matope viliyala magari zaidi ya 80 tena, yakabaki 7, na mshindi akawa Nowicki yule yule na 404 yake. Katikati, mwaka wa 1966 na 1967, Bert Shankland alishinda kwa 404 pia. Halafu 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Baada ya sifa hizo, nani angeikataa? Stesheni wagoni yenye safu 3 za viti ikawa teksi ya safari ndefu. Babu yangu husema ukipanda Pijo ulijihisi mheshimiwa, mpaka makanga alipokuambia, "Songa kidogo, mzee!" Hapo mlishonwa kama dagaa.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Madereva wengine walidhani Pijo ilishinda kwa sababu ya mbio, wakaigeuza barabara kuwa rali. Kumbe ilishinda kwa sababu haikuvunjika! Wenye mbio wengi waliachwa wamekwama njiani.

Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kutumika: mikanda kwa kila abiria na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Pijo zilikuwa zimezeeka, na Nissani za abiria 14 zikachukua nafasi. Siku hizi utaona pikapu ya 504 mara moja moja, imebeba kabichi au nyasi za ng'ombe.

Lakini funzo lake halijazeeka. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu nasi hapa, watu 36 wakafa. Wenzangu, wengi wetu tutakuwa madereva, na sote ni abiria. Tukimwona dereva anakimbia mteremkoni, tumwambie apunguze mwendo. Anayefika ndiye bingwa. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.