Laini ya simu ni ya mwenye jina

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo humo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za sokoni.

Katika makazi hayo simu ya mkononi si pambo. Mama auzaye maharage huuliza bei ya Mbarara kabla ya kupakia magunia, na malipo humfikia kwa simu pasipo gharama ya nauli. Huduma hiyo ya kupelekeana fedha ilianza nchini Uganda mwaka 2009.

Lakini laini ina mwenyewe, naye ni yule aliyesajiliwa. Wakimbizi wengi walitumia laini zenye majina ya watu wengine. Simu ikipotea, au ukizuka ugomvi, akiba huwa mashakani, kwani laini hurudishiwa mwenye jina tu. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu hati ya familia, itolewayo na Ofisi ya Waziri Mkuu, itumike pia katika usajili.

Basi mama mwenye hati na asajili laini yake mwenyewe, wala asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri, hata akiwa wakala amzoeaye. Akiba ya watoto haiwekwi katika kibubu cha jirani.