Milio ya Risasi Sebuleni: Michezo ya Video na Malezi ya Watoto Wetu

Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulikuwa umekwisha, nasi tulikuwa tumeketi kwa mazungumzo katika tarafa ya Gahanga, wilayani Kicukiro. Mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Afande," alisema, "kijana wangu ana miaka kumi na mitatu. Kila jioni hucheza gemu ya bunduki kwenye televisheni. Mama mkwe wangu, ambaye ni manusura wa 1994, hutoka nje akakaa uani mpaka mchezo uishe. Hajalalamika hata siku moja. Je, nyinyi polisi hamwezi kuipiga marufuku michezo hiyo?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa muda ulikuwa umetutupa mkono. Makala haya ndiyo jibu kamili. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi wa Nemba, Rusumo, Gatuna, Rubavu na kila mahali ambapo watoto wa pande mbili za mpaka hucheza michezo ileile.

Kwanza, je, ni kweli kwamba michezo ya video imejaa umwagaji damu? Si yote. Tetris, uliobuniwa mwaka 1984 katika Umoja wa Kisovieti, ni mchezo wa kupanga vipande tu, na umechezwa dunia nzima. Minecraft ni mchezo wa kujenga. Michezo ya kandanda, ambayo vijana wetu huipenda kupita kiasi, haina risasi wala panga. Hata hivyo, haikanushiki kwamba mingi kati ya michezo inayouzwa sana hutegemea mauaji yanayoonyeshwa waziwazi. Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka 2013, umeuza nakala zaidi ya milioni 200.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mchezo wowote unahitaji lengo, kizuizi na matokeo yanayoonekana papo hapo. Bunduki hutoa yote matatu kwa mara moja: mchezaji hulenga, hubonyeza, na adui huanguka. Kutunga mchezo wa kujadiliana, kusuluhisha au kulea ni kazi nzito zaidi. Kwa hiyo watengenezaji wengi hufuata njia fupi, na njia fupi hiyo huuza.

Malalamiko kuhusu jambo hili si mapya. Mwaka 1992 ulitoka mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat, ambao mshindi aliweza kumwua aliyeshindwa kwa namna ya kutisha. Desemba 1993 Seneti ya Marekani iliwaita watengenezaji wajieleze, na mwaka uliofuata kampuni zenyewe ziliunda chombo cha kupanga michezo kwa umri. Ulaya ilianzisha utaratibu wake mwaka 2003, wenye alama za 3, 7, 12, 16 na 18. Grand Theft Auto V una alama ya 18, na ndivyo yalivyo matoleo mengi ya Call of Duty. Michezo ya kandanda ya EA Sports ina alama ya 3.

Pili, je, mchezo wa kuua humfanya mtoto kuwa muuaji? Hapa yatupasa kusema kweli, kwani hofu isiyo na ushahidi haimlindi mtoto. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyahusisha moja kwa moja michezo hiyo na uhalifu wa kutumia nguvu. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama vile kufoka na kusukumana. Basi mzazi asimwite mwanawe mhalifu kwa sababu tu anacheza gemu ya bunduki. Wala asitulie kabisa. Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa michezo hii: hali ya mtu kushindwa kujizuia, akaacha masomo, usingizi na watu wake kwa ajili ya mchezo.

Lakini swali la yule mama lilikuwa jingine. Hakuuliza mwanawe atakuwa nani kesho. Aliuliza kuhusu bibi aliyekaa uani leo. Watafiti humpima anayeshika kidhibiti cha mchezo. Yeye alimtaja anayesikia tu.

Nasi tunaishi mahali ambapo anayesikia ni wengi. Gahanga ina makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ukishika barabara hii ukavuka Nyabarongo, unafika Nyamata, ambako kanisa lililogeuzwa makumbusho liliandikishwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukiendelea utafika Nemba, mpakani na Burundi. Ng'ambo za mipaka yetu pia wapo watu waliokimbia risasi za kweli. Kwa watu kama hao, mlio unaotoka kwenye televisheni unaweza kufufua siku ambayo hawakutaka kuikumbuka. Mtoto hajui hayo, kwa sababu huenda hakuna aliyemweleza.

Mtoto aliyekulia ukimbizini aliyafikiri hayo mwenyewe. Lual Mayen ni mzaliwa wa familia iliyoikimbia vita ya Sudan Kusini, akalelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alijinyima miaka mitatu ili kumnunulia kompyuta, naye alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha kutengeneza michezo, akabuni mmoja aliouita Salaam, yaani amani. Ndani yake mchezaji hashiki bunduki: ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa huko Los Angeles katika sherehe za tuzo za michezo ya video. Amethibitisha kwamba mchezo unaweza kumsisimua mchezaji bila kumpa mtu wa kumwua.

Sasa tufanye nini? Si kazi ya polisi kuingia sebuleni kumchagulia mtoto mchezo. Kazi hiyo ni ya mzazi, na haya yatamsaidia.

Tazama alama ya umri kabla ya kununua au kupakua. Nakala za kunakiliwa, zinazopita mkono kwa mkono hata kuvuka mipaka, mara nyingi hazina jalada. Hapo uliza jina la mchezo, kisha utafute alama yake.

Kaa na mtoto mara moja moja, ucheze naye. Utajua anachokiona, naye atajua kwamba unajali.

Weka saa za kucheza na kimo cha sauti. Nyumba yenye mtu aliyejeruhiwa moyo haifai kusikika risasi, hasa katika siku za maombolezo zinazoanza Aprili 7.

Wenye vyumba vya michezo, msiwaweke watoto mbele ya michezo ya watu wazima, wala msiwapokee saa za shule na usiku.

Mweleze mtoto kwamba wanaocheza naye mtandaoni wanaweza kuwa wageni. Asitoe namba ya siri ya simu ya mzazi. Mgeni akimwalika wakutane, au akimwahidi kazi au masomo ng'ambo ya mpaka, tuarifu mara moja kwa namba 112. Mtoto anayenyanyaswa anaweza kusaidiwa kwa kupiga 116.

Na kwa mama yule: hukuhitaji amri ya polisi. Mketishe kijana wako karibu na bibi yake, umweleze kwa nini bibi hutoka nje. Miaka kumi na mitatu inatosha kuelewa. Kisha mwachie yeye azime televisheni kwa mkono wake, amwite bibi arudi ndani.