Desturi za watafiti wa CHI

Katika Bahari ya Pasifiki kuna visiwa viwili vya Marekani, Baker na Howland, visivyo na mkazi hata mmoja. Saa ya huko iko nyuma kuliko saa ya mahali pengine popote, na ndiyo inayofuatwa na jamii ya watafiti ninayoieleza hapa. Maadamu tarehe ya mwisho haijapita kwenye visiwa hivyo, mlango wa kupokea makala bado uko wazi. Mwanafunzi wa Seattle hukesha hadi saa kumi na moja alfajiri, akatuma, akalala. Kwa Nairobi na Dar es Salaam mlango hufungwa saa tisa alasiri ya siku inayofuata. Mtafiti wa huku hukesha usiku uleule, kisha hubaki na asubuhi nzima ya kuhangaika, na mara nyingi saa hizo ndizo anazotakiwa kuwa darasani akifundisha.

Hawa ni watu wa taaluma ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Wanachunguza namna watu wanavyotumia simu, tarakilishi na programu, na namna vyombo hivyo vinavyopaswa kutengenezwa ili vimfae anayevitumia. Mkutano wao mkuu huitwa CHI, hutamkwa "kai". Chimbuko lake ni mkutano wa mwaka 1982 uliofanyika Gaithersburg, Maryland. Mwaka uliofuata walikutana Boston, na tangu hapo wamekuwa wakikutana karibu kila mwaka. Mkutano wa Honolulu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona. Fani nyingi huthamini zaidi majarida, lakini kwa hawa makala iliyokubaliwa mkutanoni ndiyo heshima yenyewe. Jambo hilo huwatesa wahadhiri wetu, kwa kuwa kamati nyingi za kupandisha vyeo bado huuliza jarida kwanza.

Msimu huanza Septemba. Kwanza hutumwa ikisiri pamoja na majina ya waandishi, na kama wiki moja baadaye makala kamili. Makala hiyo haina jina la mtu. Jina la chuo huondolewa, shukrani kwa wafadhili huondolewa, na kazi za zamani za mwandishi mwenyewe hutajwa kana kwamba ziliandikwa na mtu mwingine. Nia ni njema: mhakiki apime hoja, asipime ukubwa wa jina. Naiunga mkono desturi hii. Hata hivyo, kinga yake haiwafikii wote kwa kipimo kimoja. Makala kuhusu wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani inaweza kuwa imetoka kwa mtu yeyote kati ya mamia. Ukiandika kuhusu waendesha bodaboda wa Kisumu, msomaji anayeifahamu fani huhesabu watu wachache tu kichwani, na huenda akakupata kabla hajafika ukurasa wa tatu.

Ipo pia adabu ya namna ya kusema. Ukurasa wa kwanza lazima utamke mchango wa makala waziwazi: tumegundua hili, tumeunda lile, nanyi mnapaswa kulijali kwa sababu hii. Sisi tuliolelewa katika kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani kabla ya kutaja shida iliyotuleta, huwa tunajenga kwanza usuli mrefu, tukaweka kiini mwishoni. Nimesoma rasimu nyingi za vijana wa huku zenye ugunduzi mzuri uliojificha ukurasa wa kumi na moja. Mhakiki aliyechoka hafiki huko.

Baada ya kutumwa, makala hukabidhiwa wenyeviti wasaidizi wawili, nao hutafuta wahakiki wa nje, kwa kawaida wasiopungua wawili. Kazi hii hailipwi. Ni deni ambalo kila anayetuma makala anatarajiwa kulilipa kwa kusoma za wenzake. Hapa ndipo wenzetu hukutana na swali linaloniudhi kuliko yote: kwa nini utafiti huu umefanyika Tanzania? Makala ya California huulizwa imegundua nini. Makala ya Mwanza hutakiwa kwanza kueleza kwa nini Mwanza, kisha kuthibitisha kwamba matokeo yake yana maana kwa watu wa kwingine. Mwaka 2021 Sebastian Linxen na wenzake walichapisha, katika CHI yenyewe, uchambuzi wa makala za mkutano huo za 2016 hadi 2020. Walikuta kwamba asilimia 73 ya matokeo yalitokana na washiriki wa nchi za Magharibi, ambao ni chini ya asilimia 12 ya watu wote duniani. Basi swali la "kwa nini hapo" liulizwe California pia, au lisiulizwe kabisa.

Maoni yakirudi, huja wakati wa utetezi, na una adabu zake. Kwa miaka mingi mwandishi alipewa herufi 5,000 tu za kujibu. Miaka ya karibuni makala yenye matumaini hurudishwa irekebishwe na kuhakikiwa tena. Mwandishi hushukuru kwanza, hagombani, huanza na pingamizi zito kuliko yote na kusema wazi atakachobadilisha. Mwisho wa yote, takriban robo ya makala hukubaliwa.

Masharti ya kutuma huchapishwa kila mwaka. Lakini mengi niliyoyataja, kama namna ya kutaja mchango na namna ya kujibu bila kugombana, mtu hufundishwa na mwenzake aliyetangulia, na vijana wetu wengi hawana wa kuketi naye. Gary Marsden wa Chuo Kikuu cha Cape Town alilielewa hili mapema na akalea kizazi kizima. Yeye, Mkenya Shikoh Gitau na Jonathan Donner walichapisha katika CHI ya 2010 utafiti kuhusu wanawake wa Afrika Kusini walioifahamu intaneti kwa simu peke yake. Baada ya kifo cha Marsden mwaka 2013, misaada ya nauli kwa wanafunzi wanaokwenda kwenye mikutano hii ilipewa jina lake. Mwaka 2016 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa AfriCHI ya kwanza, yaani mkutano wa Afrika wa taaluma hii, na mwaka 2018 ikafuata ya Windhoek. Huko hakuna anayelazimika kueleza kwa nini Afrika.

Jukwaa la nyumbani halitoshi, kwa sababu vyombo tunavyotumia kila siku hubuniwa na watu wanaosoma CHI. Kwa hiyo nawaomba wahadhiri ambao makala zao zimeshapita: ifikapo Julai, waiteni vijana, msome rasimu zao, muwaoneshe maoni mliyopewa ninyi wenyewe, pamoja na yale yaliyowaumiza. Kisha jiandikisheni kuwa wahakiki. Makala ya Mwanza inastahili angalau msomaji mmoja anayeijua Mwanza.