Tanzania: Sheria yatenga ajira kwa wenye ulemavu, kwa nini wengi bado hawazipati?

Katika nchi jirani ya Tanzania, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila watu tisa. Je, sheria inawasaidiaje wanapotafuta kazi?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mwenye wafanyakazi 100, kwa mfano, anapaswa kuwa na watatu.

Hata hivyo, kwa mwenye wafanyakazi 20, asilimia 3 haifikii mtu mmoja; nafasi moja kamili hupatikana wafikapo 34. Maduka, karakana na mashamba ya familia, wanakojipatia riziki Watanzania wengi, hayafikii idadi hiyo. Kwa hiyo sheria huwagusa hasa serikali na makampuni makubwa.

Nako huko huulizwa vyeti. Mtoto asiyeona aliyekosa vitabu vya nukta nundu, au kiziwi aliyefundishwa na mwalimu asiyejua lugha ya alama, hufikia umri wa kazi akiwa mikono mitupu. Mwenye cheti naye huweza kukuta ofisi iko ghorofani pasipo lifti, au usaili hauna mkalimani.

Kwa watu wenye ualbino, suala hili ni la uhai. Kilimo na uvuvi huwaweka juani kutwa nzima, na jua ndilo linalowaletea saratani ya ngozi. Kazi ya ndani kwao ni kinga kabla ya kuwa kipato.

Walio nje ya ajira rasmi wana njia nyingine. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa fundi cherehani au muuza duka aliyeitegemea, kusubiri huko kulimaanisha mtaji uliokwama.

Aidha, vipo vyuo vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, kikiwemo cha Yombo, Dar es Salaam. Lakini ufundi bila mtaji haufungui karakana, na mtaji bila ufundi huisha upesi. Asilimia iliyoandikwa katika sheria itazaa ajira pale tu shule, chuo, mkopo na mlango wa ofisi vitakapofikika kwa mtu yule yule.