Injini Mpya za Ndege na Bei ya Asilimia 16

Ukiitazama Airbus A220 ya ATCL, shirika la ndege la Tanzania, kwa mbele, utaona kwanza ukubwa wa feni ya injini yake. Ina kipenyo cha karibu mita 1.85, kupita kimo cha wengi wanaopanda ndege hiyo. Nyuma ya feni, hewa hugawanyika njia mbili. Sehemu ndogo huingia kwenye kiini cha injini, ikabanwa, ikachanganywa na mafuta na kuchomwa. Iliyobaki, kama mara 12 ya ile iliyoingia, hupita pembeni ya kiini bila kuguswa na moto na kusukumwa nyuma na feni peke yake. Hewa hiyo isiyochomwa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya msukumo wa ndege.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kurusha Comet 4 mwaka 1960, injini zake za Rolls-Royce Avon zilipeleka hewa yote motoni. Super VC10 zilizofuata mwaka 1966 zilikuja na injini za Conway, ambazo ziliruhusu hewa kidogo ipite pembeni, pungufu ya ile iliyochomwa. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaanzisha lake, ziliruka Boeing 737-200, na kwenye injini zake hewa ya pembeni na ya ndani zilikaribia kulingana. Kutoka sifuri hadi 12 katika takriban miaka sitini: abiria wa Dar es Salaam wamepitia karibu kila hatua ya safari hiyo, ingawa hakuna aliyewatangazia.

Kwa nini hewa ya pembeni iokoe mafuta? Msukumo wa injini ni kilo za hewa zinazorushwa nyuma kila sekunde, mara kasi ambayo hewa hiyo imeongezewa. Nishati nayo hukua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Chukua injini inayorusha kilo 10 za hewa kila sekunde na kuziongezea kasi ya mita 20 kwa sekunde, kisha nyingine inayorusha kilo 20 na kuziongezea mita 10. Msukumo ni ule ule. Lakini kila sekunde ya kwanza imeiachia hewa ya nyuma yake nishati ya jouli 2,000, ya pili jouli 1,000 tu. Nishati inayoachwa nyuma haimfikishi mtu Mwanza. Inapotelea angani kwa upepo na kelele. Mvuvi analijua jambo hili kwa mikono yake, kwamba kasia pana likivutwa taratibu hufanya kazi vizuri kuliko fimbo nyembamba inayopigwa haraka haraka.

Ndiyo sababu ndege za pangaboi, kama ATR za Precision Air na Dash 8 za ATCL, hutumia mafuta kidogo kwenye safari fupi. Panga lake refu hukamata hewa nyingi na kuisukuma polepole. Kikwazo chake ni mwendo, maana ndege ikizidi kasi fulani ncha za panga hukaribia kasi ya sauti na ufanisi wote huporomoka. Kwa miongo mingi watafiti wamekuwa wakitafuta injini yenye uchumi wa pangaboi na mwendo wa jeti.

Feni kubwa ikaleta tabu yake. Feni inataka kuzunguka taratibu, kwa sababu hiyo hiyo ya ncha za panga. Turbini inayoizungusha, iliyoko nyuma kwenye gesi ya moto, hufanya kazi vizuri ikizunguka kasi. Katika injini za kawaida vyote viwili vimefungwa kwenye mhimili mmoja, na kila kimoja kinalazimika kuvumilia mwendo usiokifaa. Pratt & Whitney ya Marekani ikaweka giaboksi katikati, feni ikazunguka mara moja wakati turbini inazunguka kama mara tatu. Kwa maneno ni rahisi. Kwa chuma ni kazi nzito, maana gia hizo hubeba nguvu ya maelfu ya kilowati, na hata upotevu mdogo kati yake ni joto jingi la kuondolewa kwa mafuta ya kulainishia. Kampuni hiyo ilitumia takriban miaka 20 na dola bilioni 10, na injini ya kwanza ikaanza kubeba abiria Januari 2016. Ahadi ilikuwa kupunguza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha asilimia 16. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na kila kilo ikiungua hutoa kilo 3.16 za kabonidioksaidi, kwa kuwa kaboni iliyomo huchukua oksijeni ya hewani. Asilimia 16 si kitu cha kubeza.

Kuna njia ya pili ya kuokoa mafuta, nayo ni kukifanya kiini chenyewe kiwe na shinikizo kubwa na joto kali zaidi. Hapa ndipo uhandisi unapotia hofu kidogo. Gesi inayotoka kwenye chumba cha kuchomea huwa na joto linalopita kiwango ambacho panga za turbini zingeyeyuka, na bado panga hizo, nyingine zinazotosha kiganjani, zinazunguka humo maelfu ya mara kwa dakika kwa saa nyingi mfululizo. Kila moja hutengenezwa kwa aloi ya nikeli iliyogandishwa polepole sana, kupitia mfereji mwembamba uliojisokota, ili fuwele moja tu ipite na panga zima liwe fuwele moja lisilo na maungio ya ndani ambayo yangeanza kuachia. Ndani ni tupu, yenye vijia vya hewa ya kupoza. Juu ya ngozi yake kuna matundu yasiyofikia milimita moja, na hewa inayotoka humo hutandaza utando mwembamba kati ya chuma na moto. Juu yake tena hupakwa kauri. Panga likikosa hewa hiyo huanza kuharibika upesi.

Sasa iingize injini hii kwenye vumbi. Ukanda wa Ghuba, kaskazini mwa India na sehemu kubwa ya Afrika zina hewa yenye chembe za kalisi, magnesi na silika. Chembe hizo zikifika kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi huanza kuyeyuka kama kioo, hushika kwenye kauri, huijaza nyufa zake na kuiambua. Nyingine huziba matundu ya kupoza. Injini za zamani ziliteseka pia, ila joto lao lilikuwa la chini na vumbi lingi lilipita bila kuyeyuka. Viwanja vyetu vya juu vinaongeza mzigo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hulazimika kufanya kazi zaidi ili ndege inyanyuke. Kwa hiyo ufanisi ulioletwa na joto kali umechukua kitu kwenye uimara, na bili hufika kwanza kwa wanaoruka penye joto na vumbi.

ATCL ilipokea A220 yake ya kwanza Desemba 2018, ikiwa ya kwanza Afrika kuirusha. Mwaka 2022 ililazimika kuegesha baadhi ya ndege hizo kwa matatizo ya injini zake, ambazo ni hizo hizo za giaboksi za Pratt & Whitney. Mei 2023 shirika la ndege la Go First la India liliomba ulinzi wa mufilisi likizilaumu injini za familia hiyo hiyo. Mtengenezaji alikataa lawama. Julai mwaka huo ikatangazwa kasoro nyingine, safari hii ya kiwandani. Unga wa metali uliotumika kutengeneza diski za turbini kwa miaka kadhaa ulikuwa na uchafu mdogo sana, na diski hizo zingeweza kupata nyufa mapema kuliko ilivyotarajiwa. RTX, kampuni mama, ilikadiria kwamba wastani wa ndege 350 za familia ya A320neo zingekuwa chini kati ya 2024 na 2026, na kila injini ingechukua siku 250 hadi 300 kurudi.

Watu wengi husoma habari hizi kama habari za biashara. Mimi naziona ni za mazingira. Ndege mpya ikikaa chini, ratiba hubaki pale pale, na shirika hukodi au kurudisha hewani ndege ya zamani inayokula mafuta zaidi. Ile asilimia 16 hugeuka na kuwa hasara. Karatasi za mauzo hupima injini ikiwa mpya, angani, kwa mwendo uliotulia. Hazipimi miezi ambayo injini iko karakana ya nchi nyingine ikingoja spea, na hesabu ya ukaa isiyoweka miezi hiyo haijakamilika.

Historia inaonyesha pia jinsi utafiti huu unavyoyumba. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, NASA ilifadhili miradi mikubwa ya kupunguza matumizi yake, na mwaka 1986 General Electric ikarusha kwenye Boeing 727 injini yenye panga zilizo wazi, zisizo na kava la nje. Ilikula mafuta kidogo kwelikweli. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikaporomoka, mashirika yakakosa sababu ya kuvumilia kelele na hofu ya panga kukatika, na wazo likawekwa kabatini. Mwaka 2021 GE na Safran ya Ufaransa walilitoa tena kwa jina la RISE, wakilenga kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20 kulinganisha na injini za leo. Rolls-Royce nayo iliwasha UltraFan yake yenye giaboksi huko Derby mwaka 2023. Haidrojeni inatajwa sana, lakini lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri na inadai matangi makubwa mara nne hivi. Haitabeba abiria wengi karibuni.

Panga zilizo wazi zinanipa matumaini, kwa sababu sehemu kubwa ya akiba yake inatokana na kusukuma hewa nyingi taratibu, njia ambayo haimlazimishi mhandisi kuongeza joto kila mara. Wakati huo huo watengenezaji wameanza kumwaga vumbi kwa makusudi kwenye injini za majaribio na kutengeneza panga za turbini zenye upozaji bora, na toleo jipya la injini ya giaboksi la A320neo lilipata idhini Marekani mwaka 2025 kwa ahadi ya kukaa muda mrefu zaidi bawani. Jambo la kudai kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa ndege ni kwamba ahadi hiyo iandikwe kwa saa za kuruka kwenye joto na vumbi la Dodoma, na kwamba injini ikishindwa kuzifikia, mtengenezaji alete ya kuazima kwa gharama yake wakati ile inatengenezwa.